Nusu ya Uso

Harufu ya mafuta ya mgando yaliyopata joto la kiganja naijua hata nikiwa usingizini. Enzi hizo kule Tegeta niliondoka nayo nyumbani kila asubuhi, uso uking'aa kama sufuria mpya.

Mama alizaliwa Singida, ambako upepo wa kiangazi hupasua midomo na visigino, na mtoto aliyepauka ni aibu ya mama yake. Alipohamia Dar kufundisha, sheria hiyo alihama nayo. Alinishika kidevu, akanigeuza huku na huku, akanipaka mpaka nyuma ya masikio. Nilipofika darasa la saba chunusi zikanijaa usoni, naye akazidisha mafuta, akiamini ni ukavu wa kipupwe unaonishambulia.

Nami nilikuwa mtoto wa kupenda kujua. Basi nikafanya utafiti. Upande wa kushoto niliuachia mafuta ya mama. Wa kulia, mama akishanipaka, niliuosha kwa siri kwa sabuni ya kufulia, na sikuupaka kitu. Baada ya siku chache ule wa kulia ukakauka, ukaanza kubanduka. Cha ajabu, ikifika mchana uling'aa mafuta kuliko mwenzake, na chunusi ziko palepale. Ngozi gani hii, kavu na yenye mafuta kwa wakati mmoja?

Nilichokiogopa hasa ni kipaimara. Jumapili askofu angetupaka mafuta kwenye paji la uso mbele ya kanisa zima, na pajini ndipo chunusi zilipojazana. Nikashindwa kuvumilia.

"Mama, hivi mafuta ya askofu ni ya mgando?"

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanivuta dirishani penye mwanga, akaona shavu la kulia lilivyobanduka.

"We Neema! Huo uso umeufanyaje?"

Nikaeleza utafiti wangu wote huku nikisubiri kofi. Kumbe naye alitaka kujua. Akagusa shavu hili, akagusa lile, akaniuliza upi unawasha. Jioni tukaenda duka la dawa. Dada muuzaji akatuambia kwamba hata ngozi ya mafuta inataka unyevu, ila iwe losheni nyepesi, tena kidogo, uso ukiwa bado na majimaji ya kunawa. Mama alimsikiliza kama anayepewa habari za nchi nyingine.

Tulipofika nyumbani akanikabidhi chupa. "Haya, shika. Umeshakua, utajipaka mwenyewe."

Nilifurahi mno. Jumapili nilimwendea askofu na chunusi zangu, lakini uso ulikuwa laini pande zote, na polepole chunusi nazo zikapungua.

Juzi, hapa kwangu Madale, nilimfuata binti yangu na losheni. Akarudisha kichwa nyuma. "Mama, niache bwana, najipaka mwenyewe."

Iliniuma kuliko nilivyotegemea. Nilibaki nimesimama, losheni ikinikaukia kiganjani, nikijaribu kukumbuka ni lini tena mama alinishika uso baada ya jioni ile ya duka la dawa. Sikukumbuka hata mara moja.