Picha ya Kumi na Saba Ukutani

Jamani, mimi nimewahi kumkuta mdogo wangu wa tumbo moja ametundikwa ukutani, watu wanampita huku wanatafuna bisi.

Msinicheke. Nisikilizeni kwanza.

Mimi ni fundi wa fremu za picha, mwaka wa kumi na nne sasa. Mke wangu akaniambia, "Baba, unashinda na picha kutwa nzima lakini hujawahi kuangalia hata moja. Wikiendi hii tunashuka kusini, tukaone makumbusho na michoro kama watu."

Nikanuna. Masaa sita kwenye basi kwenda kushangaa kuta? Lakini mke akishapanga, wewe ni nani?

Jumamosi asubuhi tukaanza. Vinyago, ngoma zilizofungiwa kwenye vioo, vyungu vya kale. Mimi napiga miayo tu.

Chumba cha mwisho kilikuwa na sura za watu. Thelathini na moja, zimechorwa kwa mkaa, zote zimefumba macho.

Ya kumi na saba ikanitoa jasho.

Kovu juu ya nyusi. Sikio la kushoto limekatika ncha. Ni yeye! Mdogo wangu, aliyeondoka nyumbani miaka mitano nyuma baada ya kugombana na mimi. Mama hajawahi kukubali tumlilie. "Aliye hai haliliwi," anasema, na simu yoyote ngeni ikiita, anaikimbilia yeye.

Nikamshika mkono dada mhudumu. "Huyu mtu yuko wapi?"

Akaniangalia kwa huruma. "Pole, kaka. Hawa wote ni marehemu. Walifia hospitali ya hapa bila ndugu. Mchoraji aliwachora mochwari, picha zizungushwe mijini, jamaa zao wawatambue kabla manispaa haijawazika. Hawa hawakutambuliwa."

"Lini? Na kazikwa wapi?" nikauliza.

"Nyuma kuna tarehe aliyofariki na namba ya kaburi," dada akasema. Akaishusha picha, akaigeuza.

Tarehe nikaiona. Namba nikaiona. Halafu nikaona stika: jina la karakana yangu, namba yangu ya simu, na tarehe niliyoifanya kazi.

Mungu wangu!

Fremu ile niliitengeneza mimi. Miaka miwili nyuma mchoraji alikuja karakana, maonyesho yakianzia mji wetu. Sisi kazi tunaifanya picha ikiwa kifudifudi. Unapima mgongo, unagonga misumari, unaziba kwa karatasi. Sura huioni usipotaka.

Na aliniambia kabisa, "Fundi, zipitie, pengine utamfahamu mtu."

Nikamjibu kwa dharau, "Mimi napima pembe, bosi. Sura zao hazinihusu."

Maonyesho yenyewe wala hatukwenda. Nani ana muda?

"Dada, mochwari walikuwa wanakaa siku ngapi?"

"Thelathini."

Nikahesabu kwa vidole. Siku niliyopiga misumari ile, mdogo wangu alikuwa na siku kumi na mbili mochwari. Alikuwa hajazikwa! Ningeigeuza tu ile picha, Mama angemzika mwanawe.

Ndugu akipatikana, picha ni yake. Tukapewa. Kwenye basi nikaibandua stika kwa kucha, mke wangu ananiangalia.

Mama alilia siku tatu. Ya nne akaniomba niitundike picha sebuleni. Akapitisha kidole kwenye mbao, taratibu, kona hadi kona.

"Huyu aliyemtengenezea mwanangu fremu," akasema, "kaifanya kwa upendo. Unamjua?"

Mke wangu akainuka, akaingia chumbani.

"Hapana, Mama."

"Siku ukikutana naye, mwambie nimemshukuru sana."

Ndugu zangu, kazi ya mtu ikipita mikononi mwako, usiione kazi tu. Igeuze, umwangalie mtu. Mimi lawama ningezivumilia, nimezizoea. Shukrani za Mama ndizo zinazonimaliza.