Mbigili za Msiba

Nilipokuwa mtoto niliwahi kusifiwa kwa kilio ambacho hakikustahili sifa. Ilikuwa nyumbani kwetu Ilula, miaka ya hamsini, siku tuliyomzika mama. Mchungaji alikuwa amefumba macho anaomba, watu wamejaa uwanjani kimya, nami nikachoka kusimama, nikakaa chini. Kaptura yangu ilikuwa imekwisha sehemu ile ile muhimu. Nikakalia mbigili. Nilipiga ukelele ambao nadhani ulisikika Iringa mjini, na akina mama waliokuwa wamejizuia kwa heshima ya sala wakaupokea: "Uwii! Mtoto anamlilia mama yake!" Msiba ukaanza upya. Mchungaji akaikatisha sala njiani. Wanaume wakapita kunishika kichwa, wakiniambia jikaze, wewe ni mwanaume. Nikajikaza kweli, maana kila nikisogea mwiba ulizidi kuzama.

Aliyenikamata ni bibi, mama yake mama. Alinivuta nyuma ya jiko, akanigeuza, akauchomoa mwiba kwa kucha na kuutazama kwenye mwanga.

"Kumbe kilio chako kilikuwa huku," alisema.

Hakucheka wala hakunigombeza. Nami sikumwambia jambo lililonisumbua kuliko mwiba, kwamba tangu asubuhi nilikuwa nayatafuta machozi na siyaoni. Nilikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Unaugusa, unaona kabisa kwamba unaugusa, lakini unaona kama wa mtu mwingine.

Uwanja wenyewe ulikuwa kazi ya mama. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya misheni, na mama aliona kwa wamisionari jinsi majani mafupi yanavyopendeza mbele ya mlango. Akaomba vipande vya ukoka, akavipanda kimoja kimoja, akavimwagilia maji aliyobeba kichwani toka mtoni. Kijiji kizima kilimcheka: mke wa mwalimu analima majani, halafu ng'ombe akija kuyala anafukuzwa! Lakini ukoka ulishika, na sisi tulijigaragaza juu yake kama watoto wa kizungu.

Mbigili hazikuwapo. Zilikuja na miguu ya watu wa msiba. Walishuka milimani na kupanda kutoka bondeni, wengine peku, wengine na makatambuga, na kila mmoja alileta miiba yake kwenye unyayo, akaikung'utia kwetu. Ile niliyoikalia ilikuwa mgeni wa mapema tu. Mvua iliponyesha zikaota, zikatambaa juu ya ukoka na vimaua vyake vya njano, vizuri hata kuvitazama. Chini ya maua kulikuwa na vitunda vyenye pembe kila upande. Kitupe utakavyo, pembe moja lazima ielekee juu.

Bibi alibaki kwetu kumlea mdogo wangu, Tumaini, aliyekuwa bado anatambaa. Sasa, kwa desturi yetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, wala hawasemeshani ana kwa ana. Kwa hiyo baba alichukua upande wa mbele, bibi akachukua jikoni, uwanja ukawa katikati, na mimi nikawa simu.

"Mwambie baba yako," bibi alisema akiwa amempa mgongo, "mbigili za msiba hazilimwi. Zimekuja na watu waliomlilia mwanangu, ni za kwake. Zimemshika miguu, hajapata njia ya kutoka. Jembe likizigusa, atabaki hapa na hasira zake, na atakayeumia ni huyu mdogo. Hatatembea."

Baba alikuwa amesimama pale pale, anasikia kila neno.

"Baba, bibi anasema..."

"Nimesikia. Mwambie mimi ni Mkristo."

"Bibi, baba anasema..."

"Hata mimi nimebatizwa. Mwambie."

Jumamosi moja baba alichukua jembe akalima. Hakulima kwa ukali. Alilima kama kibarua anayesubiri jua lizame. Akakusanya magugu, akayaburuta uwanja mzima hadi kwenye moto, na njia nzima vitunda vikawa vinadondoka. Mvua za pili zilipokuja, kila mbigili iliyong'olewa ilikuwa imeleta ukoo wake wote.

Siku bibi alipopitiwa kidogo, Tumaini alitambaa hadi katikati ya uwanja. Alichomwa viganja vyote viwili na magoti. Tangu hapo akagoma. Ukimsimamisha alikunja miguu tumboni kama kuku anayepelekwa sokoni. Watoto waliozaliwa nyuma yake wakawa wanakimbiza mbuzi, yeye yuko mkekani mbele ya jiko, anatazama. Bibi hakusema, "Nilisema." Hilo ndilo lililonitisha, maana bibi yangu hakuwa mtu wa kuacha kusema "nilisema."

Baadaye akaniita tena.

"Mwambie baba yako watu wanarudi kumaliza matanga. Waliozileta mbigili ndio watakaoziondoa. Tunaomba blanketi."

Blanketi alilotaka ni lile alilofunikwa mama siku zake za mwisho. Lingeloweshwa, liburutwe uwanjani na ndugu, linase mbigili zote, kisha likachomwe moto korongoni, na marehemu apate kwenda zake. Lakini blanketi lile alikuwa nalo baba. Usiku alililalia kama mto, na asubuhi alilikunja vizuri akaliweka pale pale. Vinginevyo hakuwa na tatizo lolote. Alifundisha, alikula, alisahihisha hesabu za watoto. Alikuwa tu kama nyumba ambayo wenyewe wamesafiri.

"Mwambie hakuna blanketi," baba alisema.

Bibi akanitazama. "Wewe hujaliona?"

"Nimeliona."

"Basi mwambie umeliona."

Simu ikakatika hapo. Nilitazama vidole vyangu vya miguu mpaka baba mwenyewe akaongeza: "Mwambie wachukue gunia. Gunia nalo linanasa."

"Mwambie gunia halikumfunika mwanangu."

Siku ikafika. Mama wadogo na wajomba walikuja na ndoo za maji, wakasimama ukingoni mwa uwanja, hawana cha kulowesha. Baba alikuwa amekaa mlangoni. Tumaini akamwona toka mkekani kwake, akacheka, akamnyooshea mikono. Baba akanyanyuka. Ndipo mtoto akayatazama majani yaliyokuwa katikati yao, akairudisha mikono taratibu, akaificha kwapani.

Niliona. Na baba aliona. Akaingia ndani, akatoka na blanketi, akaukata uwanja kwa viatu vyake vya kanisani na kwenda kusimama mbele ya bibi, karibu mno, hata mama wadogo wakageuza nyuso kwa aibu.

"Mama, chukua."

Bibi akajifunika shuka usoni. Sauti ikatoka ndani ya shuka: "Shika pembe hiyo."

Katika maisha yao yote, hayo ndiyo maneno pekee waliyosemeshana bila kunipitia mimi.

Blanketi lilihitaji uzito ili lishike chini, na mtu wa kutoa uzito akapatikana: mimi, niliyekalishwa katikati kama mkuu wa wilaya kwenye gari lake, kaptura ile ile. Walinivuta huku na huku, baba pembe moja, wajomba pembe nyingine, na mara hii nilichomwa hata sikupiga ukelele. Mwisho wake blanketi lilikuwa nungunungu. Lilibebwa kwa mti hadi korongoni. Sufu ikiungua inanuka kama nywele. Baba aliutazama moto kama moto wa jirani. Nikayatafuta machozi tena, sikuyaona.

Jioni tulikula. Baba akatafuna, akasita, akatafuna tena.

"Hii mboga haina chumvi."

Nyuma ya ukuta bibi akasema, "Mwambie haina chumvi tangu tulipozika."

Kabla mahindi hayajavunwa, Tumaini alinyanyuka mkekani akatembea hadi mlangoni kwa baba, moja kwa moja kupita katikati ya uwanja, kana kwamba hajawahi kufikiria jambo jingine.

Zamani nilidhani baba alikuwa mgumu. Sasa najua alikuwa amekufa ganzi, na ganzi ina starehe yake, kwa kuwa haichomi. Damu ikirudi ndipo mtu anagundua kwamba mboga haina chumvi, na yako mambo mengine mengi ya kugundua baada ya hapo.

Nimeendesha malori hadi Lubumbashi na Mombasa, na mbigili nimezikanyaga kote. Siku hizi nina nyumba Mbeya, yenye uwanja wa ukoka aliopanda mke wangu. Tulimzika mwaka jana. Watu walijaa, Mungu awabariki, na mvua ilipokuja uwanja ukageuka njano. Nimelima, zikaongezeka. Nikanunua dawa ya kupuliza. Ikaua ukoka wote na mawaridi ya jirani, mbigili zikanenepa. Mtaani wananiita Bwana Shamba. Usiku nalala upande wangu, upande wa pili kuna blanketi lake, limekunjwa.

Wiki iliyopita Tumaini alikuja toka Ilula, anakouzia nyanya barabarani, na tenga lake kichwani. Alisimama getini, akautazama uwanja kwa muda.

"Kamwene, kaka."

"Kamwene, dada. Pita, ila usivue viatu."

Nikamkalisha nikamweleza, kwa raha kabisa, maana nimesafiri na nina maneno. Kwamba tunda lina pembe ndiyo maana linasafiri na nyayo. Kwamba jembe linatawanya mbegu. Kwamba yeye aligoma kutembea kwa sababu alichomwa, na akatembea kwa sababu miiba iliondoka, basi, hakuna miujiza. Kitu chochote chenye maji na vinyweleo kinanasa. Hata kesho, nikasema, nitatafuta gunia, nilivute mwenyewe, biashara iishe. Nikacheka kicheko changu kile wanachokipenda watu.

Yeye hakucheka. Aliinama, akachomoa mbigili kwenye soli ya kiatu chake, akaiweka mezani mbele yangu.

"Gunia halikumfunika wifi," alisema. "Lete blanketi."