Mkunga anayewapa majina watoto waliozaliwa kimya

Umande haujakauka, na Josepha Mahona amekwisha piga magoti nyuma ya nyumba, karibu na ua wa kuogea, ambako udongo hauishi unyevu. Anachimba kwa jembe lililokatwa mpini. Wanawake wamemzunguka na kanga zao. Mmoja amebeba kifurushi kidogo cha kitambaa cha marekani, na hakuna anayelia kwa sauti.

Kifurushi kinashushwa. Josepha anainama, anataja jina, anaomba kwa maneno machache. Wanawake wanaitikia amina. Mwanahawa, mke wa mwenye duka, aliyeolewa hapa kutoka Isevya, mjini, anafungua viganja na kuomba dua yake mwenyewe.

Wanaume hawafiki hapa. Katika kijiji hiki cha Ujamaa, si mbali na Sikonge, mtoto aliyezaliwa amekwisha kufa huzikwa na wanawake peke yao, bila matanga. Wazee wa kanisa hawana ugomvi na hilo. Ugomvi ni jina.

"Jina hutolewa kwenye ubatizo," anasema mzee wa kanisa, Raymundi, mtu mpole lakini mgumu kama gogo la mninga. "Mwanamke akitoa jina na kuomba, amejifanya mchungaji."

Kwa sababu hiyo Josepha ametengwa na Meza ya Bwana tangu mavuno ya tumbaku yaliyopita. Jumapili hukaa benchi la nyuma, na mkate unapogawiwa hutazama mikono yake. Inamuuma, wala hafichi.

Mama Anselm, kama anavyoitwa kijijini, ana miaka hamsini na miwili, na watoto zaidi ya mia mbili wamepitia mikononi mwake. Hana mshahara. Hupewa kuku, au chupa ya asali, na siku nyingine shukrani tupu. Asubuhi yupo shamba la kijiji kama wengine.

"Zamani kila mji wa mtu ulikuwa peke yake porini," anasimulia. "Mama alizikiwa mtoto na mkwewe, basi, yamekwisha. Tulipohamia hapa nyumba zikasogeana, tukaanza kusikia vilio vya wenzetu. Ndipo tukaanza kwenda pamoja."

Jina lilianza kwa mama mmoja aliyeuliza amlilie nani. Josepha akampa mtoto jina.

"Mkutanoni tunaambiwa binadamu wote ni sawa, mwanamke na mwanamume," anasema. "Tunapiga makofi. Sasa tukifika kwa Mungu usawa unaishia mlangoni? Mimi sitaki mimbari ya mtu. Lakini aliyembeba mtoto tumboni ana neno la kumwambia Mungu, na halihitaji kibali."

Aliyezikwa asubuhi hii ni mjukuu wa Raymundi. Mzee amesimama mbele ya nyumba, kofia mkononi. Josepha anatokea akinawa.

"Pole, mzee."

"Nimepoa. Mama Anselm, Jumapili nitakuuliza mbele ya watu kama umeacha. Nitakuuliza vilevile."

"Uliza, mzee. Ndiyo kazi yako."

Anavaa kofia, anapiga hatua, kisha anarudi. "Mmempa jina gani?"

"Jina ni mali ya mama yake," anajibu Josepha, kwa upole. "Si juu yangu kukuambia."

Mama yule hawezi kuulizwa. Amelala ndani, na baba mkwe haingii kwa mzazi. Veneranda, mke wa Raymundi, aliyekuwapo kaburini, anapita na ndoo ya maji moto kuelekea ndani. Baadaye, jikoni, anakiri analijua jina. "Hajaniuliza mimi," anasema. "Wala simwambii chumbani."

Kwa Jumapili wanawake wana mpango wao. Josepha akiulizwa kama ameacha, hatasema ndiyo wala hatabishana. Atataja majina ya watoto aliowazika tangu kijiji kianze, mmoja mmoja, na kila mama atasimama anapomsikia wake. Wote wamekubali, na mama wa leo pia.

Anaogopa? "Sana. Naweza kutengwa moja kwa moja, na mimi meza ile naitaka. Naomba siku moja niishiriki kwa mikono hii hii, bila kuikana."

Jina la mwisho litakuwa la leo. Mama yake atakuwa bado ndani, hivyo atakayesimama kwa niaba yake ni Veneranda, benchi la mbele, na mumewe atalisikia hapo kwa mara ya kwanza.