Bibo la Mkorosho wa Kona

Darasa letu la chekechea liko Mtawanya, pembezoni mwa mji, limezungukwa na mikorosho ya watu. Mimi natokea Magomeni ya hapa hapa Mtwara mjini. Wazazi wangu walihamia Mtwara kwa kazi ya baba bandarini, nikazaliwa hapa, nikakulia mjini, na korosho nilizozijua ni zile zilizokwisha kukaangwa. Ualimu sikuusomea chuoni. Nimejifundisha kwa video za kwenye simu na vitabu vya mitumba, na kwa sababu hiyo naogopa mno kukosea. Kila somo nalifanyia mazoezi mbele ya kioo, hadi mahali pa kutabasamu.

Wiki ile tulikuwa tunajifunza uaminifu. Nilichora mkono mkubwa kwenye kipande cha boksi, nikaubandika ukutani, na chini yake nikaandika: Sichukui kisicho changu. Watoto hawajui kusoma bado, lakini waliyaimba maneno hayo hadi wakayashika.

Asubuhi moja msichana mdogo kuliko wenzake wote aliingia na doa la bibo, lile tunda la mkorosho, kifuani. Maji ya bibo yakishika nguo nyeupe hayatoki tena. Nikamwuliza bibo kalipata wapi. Akasema kaliokota njiani, chini ya mkorosho wa kona. Mkorosho ule ni wa kwenu? Akasema hapana, wa babu mmoja. Alijibu bila woga, akinitazama usoni. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo: mwizi hajibu hivyo, na mimi niliuona uso ule, ila nilikuwa na somo la kumalizia, na mfano ulikuwa umejileta wenyewe.

Nikamsimamisha chini ya ule mkono wa boksi. Nikamwambia aseme mbele ya wenzake, "Nimechukua kisicho changu, sitarudia." Akasema, kwa sauti ndogo. Kisha akataka kuongeza neno.

"Lakini mwalimu, korosho mimi nime..."

Nikamkatiza, kwa ule upole niliojifunza kwenye video, kwamba mtoto mwema hajitetei. Wakati wa uji wenzake wakamwita mwizi wa mabibo. Niliwakanya, wala sikujiuliza neno hilo wamelitoa kwa nani.

Kesho yake mama yake alimleta mwenyewe. Hakuja kwa shari. Alinisalimia, akauliza za nyumbani, nikamjibu, ndipo akasema, "Eti mwalimu, kwenu Magomeni mtu akila bibo mnamfanyaje?"

Nilimweleza somo langu lote. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniomba tutembee kidogo naye, si mbali.

Chini ya mkorosho wa kona palikuwa na kirundo cha korosho zenye maganda, kimekaa vizuri kwenye shina. Nilikuwa nakipita kila siku nikidhani mwenye shamba ndiye anayekikusanya. Mama yule akanieleza kwamba bibo lililoanguka ni la mpita njia yeyote mwenye hamu nalo, lakini korosho yake ni ya mwenye mti. Unainyofoa, unaiacha shinani, hata kama hakuna anayekuona. Watoto wao wanafundishwa hivyo tangu wanapoanza kutembea.

Binti yake akanyoosha kidole kwenye kirundo. "Ya kwangu ile," alisema, kisha akaurudisha mkono haraka na kuuficha nyuma, kana kwamba hata kuonyesha ni kuchukua.

Mama akauona mkono ule, na mimi nikauona. "Jana kaniuliza kama na mimi ni mwizi," akasema. "Maana mimi ndiye niliyemfundisha."

Tulirudi darasani. Sikupata muda wa kioo. Niliwaambia watoto kwamba mwenzao hakuiba, kwamba korosho aliiacha kwa mwenyewe, kwamba aliyekosea ni mimi. Maneno yakaja shaghalabaghala. Wakanitazama. Mmoja wa wale waliomtania akaniuliza, si kwa ujeuri, "Sasa mwalimu, mbona husimami pale?"

Nikaenda nikasimama chini ya mkono wa boksi. Nikasema, "Nimekosea, sitarudia." Wengine wakacheka. Yule msichana hakucheka. Alikuwa ameinamia doa lake, akilikwangua kwa ukucha.

Boksi lile nimelibandua. Wenzake wamesahau, na mama yake tukikutana sokoni ananitania kwamba nikaribie mabibo. Huyu mtoto ndiye hajasahau. Njiani hagusi kitu. Juzi tulitoka nje kuokota majani ya kuhesabia, wenzake wakatawanyika uwanjani mikono imejaa, yeye akaja kusimama mbele yangu.

"Mwalimu, naomba kuokota jani."

Nikamwambia majani yaliyoanguka hayana mwenyewe, aokote tu. Hakuondoka. Aliendelea kunitazama, mikono nyuma, hadi nikainama, nikaokota jani mimi, nikampa.