Bibo kwenye Zulia la Bi Batuli

Bi Batuli wa Kilwa Masoko si mtu wa kuchezewa. Mwaka wa kumi na nane huu anakaanga samaki sokoni, na mteja anayebinyabinya kila kipande kisha akaondoka mikono mitupu, humsema yeye na ukoo wake. Basi alipolipia zulia la sebuleni, rangi ya maziwa, kitu alichokitamani tangu aolewe, alidhani yamekwisha. Thubutu!

Sadick, kijana wa dukani, akamtolea kopo la dawa. Zulia likipuliziwa, alisema, doa halishiki, na bei yake elfu sabini tu. Eti tu. Bi Batuli akamuuliza kama zulia alilomuuzia ni zima au gonjwa, maana kizima hakihitaji dawa. Sadick akacheka, akamwagia soda kipande kidogo cha zulia kilichopuliziwa, akakifuta, kikawa safi. Akampa kipande hicho aende nacho akafikirie.

Nyumbani akamtaka shauri mumewe, Musa. Musa akamjibu afanye anavyoona. Miaka yote ya ndoa jibu lake ni hilo hilo, iwe chumvi ya mchuzi, iwe mahari ya binti. Mtu unachoka.

Lakini lililomnyima raha hasa lilikuwa la kaka yake, Likwata, mkulima wa korosho kule Kiranjeranje, aliyemlea tangu baba yao alipofariki. Likwata akija mjini alikuwa na mahali pake: chini, karibu na dirisha, mgongo ukutani. Siku zulia lilipotandikwa, Bi Batuli alipiga kelele nyumba nzima kwamba asiyenawa mikono na miguu asikanyage. Kumbe kaka mtu yuko mlangoni, anasikia. Tangu hapo amekuja mara mbili, na mara zote mbili amekaa kizingitini, anasema hapa panatosha, huku akificha mikono yake iliyoganda weusi wa maganda ya korosho. Amebembelezwa mpaka basi, hataki. Kama dawa ile ingemrudisha kaka yake ndani, Bi Batuli angeilipia hata kwa kukopa.

Ila soda! Nani kwake anamwaga soda? Akachukua bibo, lile tunda la mkorosho, akalikamulia kwenye kipande cha Sadick, akaenda zake sokoni. Jioni akakifua kwa sabuni ya mche mpaka vidole vikamuuma. Doa likabaki pale pale, la kahawia, limekolea.

Kesho yake akambwagia Sadick kipande kile mezani. Kijana akajitetea kwamba bibo ni kesi nyingine.

"Kusini huku, mwanangu, msimu wa korosho," akasema Bi Batuli, "doa gani jingine lipo?"

Akatoka na elfu sabini zake, na hasira juu. Angeshukuru kama dawa ingefanya kazi. Sasa hakujua atamwambia nini kaka yake.

Ijumaa Likwata akaja na kikapu cha mabibo. Safari hii hakukaa kizingitini. Alivua viatu, akanawa mpaka viwikoni, akaingia, na kutoka kwapani akatoa gunia la korosho lililokunjwa vizuri. Akalitandika pembeni mwa zulia, akakaa juu yake, magoti ameyabana kama mtu aliyekuja kuposa.

"Nimelifua mwenyewe," akasema. "Nisije nikakuharibia, mdogo wangu."

Kaka aliyemlisha kwa mikono ile, leo anakuja kwake na pa kukalia!

Bi Batuli, ambaye soko zima linamjua kwa mdomo, akachukua bibo moja kikapuni, akaketi mbele yake juu ya zulia, akaling'ata. Maji yakamtiririka mpaka kiwikoni, yakadondoka. Tone la kwanza, la pili. Roho ilimuuma, tusidanganyane. Zulia lile lilimgharimu samaki wa mwaka mzima.

"Ondoa gunia hilo, kaka," akasema. "Mimi nimeshaanza."

Likwata akalitazama doa, akamtazama dada yake. Kisha akalikunja gunia lake, akasogea taratibu mpaka dirishani, akaegemeza mgongo ukutani, akaomba bibo.