Jina la Kumwambia Dubu

Delphine alikuwa na miaka sitini na mitatu, na tangu akibebwa mgongoni na mama yake alikuwa akienda kuvua samoni kwenye kijito kile cha Kisiwa cha Admiralty, Alaska. Serikali imekiita kisiwa hicho hifadhi. Watu wa Angoon, kijiji cha hapo kisiwani, walikiita ngome ya dubu kabla hiyo serikali haijazaliwa. Na dubu hasemwi vibaya huko. Anasikia. Kwa ukoo wa Delphine ni zaidi ya hapo: dubu ndiye nembo yao, ni mjomba.

Lyle, mtoto wa mdogo wake Verna, alikulia Seattle, mbali na hayo. Alikuja wiki mbili kumsaidia kukausha samaki kwa moshi, na asubuhi hiyo kijitoni, wavu mkononi, akacheka kwa sauti: “Akija huyo bonge wenu, Mama Mkubwa, namgeuza zulia!”

“Funga domo!” Delphine alifoka. “Omba radhi sasa hivi.”

“Nimwombe nani? Miti?”

Nyasi zikaachana. Dubu akatokea hatua kumi kutoka kwa Lyle, akasimama kwa miguu miwili, akanusa. Lyle akapeleka mkono kwenye bunduki aliyoitundika begani.

“Iache. Ukimjeruhi hatufiki kwenye boti.” Delphine alisema polepole. “Mwambie wewe ni nani.”

“Mimi Lyle...”

“Si hilo la shule, wewe! Jina ulilopewa na ukoo!”

Lyle akatikisa kichwa. Hakulijua. Dubu akashuka, akasogea, masikio yamelala, akigonganisha meno.

“Mjomba,” Lyle alisema, sauti ikimkatika, “mimi mtoto wa Verna. Wa tumbo lenu. Nimesema upumbavu. Nisamehe.”

Dubu alimkazia macho. Kisha akaokota samaki mnono ukingoni, akarudi nyasini.

Delphine alikaa kitako kwenye matope. Alitaka kumzaba kofi, akamshika mkono.

“Mama Mkubwa, jina langu ni lipi?”

“Lilikuwa la mjomba wangu. Ulipewa una miaka minne, siku ya kuondoa matanga yake, na mwezi uleule mama yako akakuchukua. Sijamsamehe. Miaka ishirini na minne nimelitunza, sina wa kumwita.”

Akamtajia. Lyle akalirudia, akakosea. Akakosea tena. Mara ya tatu akalipatia, na Delphine, aliyekuwa hajalisikia kinywani mwa mtu mwingine miaka yote hiyo, akalia kwa sauti.