Meno ya Mzee Oketch

Kila asubuhi, kabla hajawasha kompyuta, Rehma huchukua kitambaa laini na kupangusa picha kumi na moja zilizo dirishani mwa studio yake. Ni za watu waliopigwa picha, wakaondoka, wasirudi kuzichukua. Nyingine zina zaidi ya miaka arobaini. Hupangusa moja, akaisalimu, akaenda kwa inayofuata. "Habari ya asubuhi, Bwana Tai. Mama Kofia, umeamkaje?" Majina yao hayajui, kwa hiyo amewapa mengine kulingana na walivyovaa.

Studio iko karibu na soko la Kibuye. Ni chumba kimoja chenye benchi, pazia la bluu na feni inayolalamika. Aliyeianzisha ni baba yake, Mbarak, mtu ambaye hakuwahi kuinua kamera kabla hajamkalisha mteja na kumwuliza habari za nyumbani, hata kama foleni imefika nje. Rehma alijifunzia kazi hapo akiwa msichana. Siku hizi mtaa wote humwita Mama Hadiya, kwa jina la binti yake anayefanya kazi Nakuru. Mimi nilikwenda kwake kupigwa picha ndogo za kuambatisha kwenye barua za kuomba kazi. Nilipokwenda mara ya nne aliniambia nisitoke kwenye jua lile, nikae chini ya feni nisome kitabu changu. Nimekuwa nikikaa hapo tangu wakati huo.

Simu zilikuwa zimempunguzia wateja. Watu walijipiga picha wenyewe, na studio ikabaki na kazi za pasipoti na vitambulisho. Ndipo Hadiya alipomtumia anwani ya huduma moja ya akili bandia mtandaoni. Unapakia picha, unaandika unataka mtu aliye ndani afanye nini, unangoja dakika tatu hivi, na ile picha iliyotulia inakuwa video ya sekunde chache.

Wa kwanza kujaribiwa alikuwa Wechuli, fundi wa simu wa mlango wa pili. Rehma aliandika kwamba Wechuli acheze ngoma. Akacheza, tena kwa miguu myepesi asiyokuwa nayo, ila katikati ya wimbo mkono wa tatu ukatokea mgongoni, ukapunga, ukapotea.

"Huo ndio mkono nilikuwa natafuta," Wechuli alisema. "Wateja wamenizidi."

Habari zikaenea sokoni. Maharusi wa zamani wakaanza kuletwa, wakatembea tena hatua tatu kutoka kanisani. Watoto wa ubatizo, ambao sasa wana ndevu, wakapepesa macho. Rehma alirudi kuwa mtu wa kuhitajika, na alianza kuvaa miwani yake mizuri siku za kazi.

Jumatatu moja akaingia Gordon Oketch, afisa wa makamo anayeishi Milimani. Alikuwa na picha ndani ya bahasha, nayo ndani ya kitabu ili isikunjike. Ilikuwa ya baba yake, Mzee Oketch, aliyefariki miaka ishirini na minne iliyopita. Nyuma ya picha kulikuwa na muhuri wa studio ya Mbarak.

"Jumamosi tuna kumbukumbu yake nyumbani, Ahero," Gordon alisema. "Wajukuu hawakumwona. Mama anawaambia kila siku, babu yenu alikuwa na kicheko. Sasa anataka wakione. Picha ni hii moja tu, Mama Hadiya."

Rehma aliitazama. Mwanamume mwenye shati jeupe, mdomo umefungwa, macho yamekaribia kusema kitu. Mbarak ndiye aliyempiga picha.

"Atacheka," alisema. "Mwambie Mama atacheka."

Aliandika hivyo tu: mzee atabasamu, kisha acheke. Video ilitoka safi. Hakuna mkono wa tatu. Mzee alitabasamu, akafungua mdomo, akacheka mpaka macho yakafinyika. Gordon alitumiwa kwenye simu, akajibu kwamba ni kazi nzuri sana, lakini mama yake ataiona kwanza kwenye skrini kubwa. Asipoikubali, haitaonyeshwa.

Alhamisi akamleta. Mama mzee, mwembamba, mwenye fimbo asiyoiegemea. Alikaa kwenye benchi karibu nami. Wechuli naye akaja kusimama mlangoni, maana kwake hakukuwa na mteja. Rehma akabonyeza.

Mzee Oketch akacheka. Ikaisha.

"Huyu ni nani?" mama akauliza.

"Ni Baba," Gordon akasema.

"Baba yako alitoa wapi hayo meno?"

Tukatazama tena. Chini, mzee alikuwa na meno yote, meupe, yamepangwa kama ya mtangazaji wa televisheni. Mzee Oketch alikuwa wa kizazi ambacho wavulana Wajaluo waling'olewa meno sita ya chini, ndipo wakahesabiwa kuwa watu wazima. Rehma alizaliwa mjini hapa na amewapiga picha wazee wengi wa namna hiyo. Alijishika kichwa kwa mikono miwili.

"Wewe," mama akamgeukia mwanawe. "Umekula naye miaka thelathini. Hukuwahi kuona mdomo wake?"

"Nilikuwa naangalia macho, Mama."

"Dani, bibi yangu, hayo meno ni ya bure," Wechuli akasema mlangoni. "Mngechukua tu."

"Chukua wewe," mama akamjibu. "Yako naona yanaondoka."

Rehma akaanza upya. Aliandika kwamba mzee hana meno ya mbele ya chini. Mashine ikamwondolea ya juu. Akaandika tena, ikamwondolea yote, akacheka kama mtoto wa miezi mitatu. Mara ya tatu ikampa ya dhahabu. Gordon alitoka nje kuficha uso wake, na hata mama mzee alikuwa akifuta machozi ya kicheko kwa ncha ya leso. Kisha akaacha kucheka.

"Basi, nyar Mbarak," alisema polepole, akimwita Rehma binti wa Mbarak kwa Kijaluo. "Acha. Wale watoto wataona mtu mwingine, na mimi nitakuwa mwongo."

Rehma aliondoa mikono kwenye kompyuta. Alivuta kigoda, akakaa mbele ya yule mama magoti yakigusana, kama alivyomwona baba yake akikaa na watu.

"Mama, nimekosea. Nilikuwa nauliza mashine. Alikuwa anacheka vipi?"

Mama akaweka fimbo chini. Aliinamisha kichwa, akabana midomo, na mabega yakaanza kutikisika, kwanza la kushoto, kisha yote mawili. Hakutoa sauti. Mwishoni akainua macho kidogo tu, kwa pembeni, kama mtu anayehakikisha kwamba umemwona.

"Hakuwa anafungua mdomo," alisema. "Aliogopa chai itamwagika. Hata bila chai."

"Ni kweli," Gordon akasema kutoka mlangoni. "Bega la kushoto lilikuwa linaanza."

Rehma akaandika yote, neno kwa neno, mpaka yale macho ya pembeni. Tukangoja. Kisha mzee akainamisha kichwa, bega la kushoto likaanza.

Mama aliiangalia mpaka mwisho.

"Rudia," alisema.

Ikarudiwa mara saba. Mara ya nane mama aliichukua fimbo yake na kumnyooshea yule mzee wa kwenye skrini.

"Ni yeye. Hata hapo ananicheka mimi."

Wiki iliyofuata Gordon alipita kuchukua picha yake. Alisema wajukuu waliitazama jioni nzima, na sasa nyumba yote inacheka kwa mabega. Mwalimu wa mmoja wao amepiga simu kuuliza kama mtoto ana kifafa.

Alipoondoka, Rehma alikuwa bado na kitambaa mkononi, amefika kwa Mama Kofia. Nilikuwa nimebeba swali langu kwa miezi, na sijui kwa nini siku hiyo lilitoka.

"Mama Hadiya, hawa wa dirishani mbona huwafanyi wacheke?"

Alimaliza kona ya kioo kwanza.

"Sijui walikuwa wanacheka vipi," alisema.